Chini Kulikuwa na Magodoro

Baba Mchungaji, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Alhamisi hii ya tarehe 29 Februari 2024 mkaja kuketi nasi hapa Rotherhithe, poleni na asanteni. Familia imemtuma Gillian, binti wa marehemu, awasomee maisha ya mama yake, naye kabla hajaanza anaomba radhi, kwa kuwa humu mna maneno ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza, ila marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe bila kupunguzwa, na kila aliyemfahamu anajua kwamba agizo la Beryl halikuwa na mjadala.

Marehemu Beryl Ivy Hobday alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Novemba 1934, katika chumba cha juu cha nyumba namba 11, mtaa wa Swallow Row, hatua chache kutoka kanisa hili, akiwa mtoto wa kwanza wa Albert Tranter, kuli wa bandarini, na mkewe Edith, aliyekuwa akishona magunia nyumbani. Mdogo wake, Clifford, alizaliwa tarehe 22 Juni 1937, na baada ya hapo Edith hakujaliwa mtoto mwingine, kwa hiyo wawili hao walikua kama chanda na pete, wakilala kitanda kimoja, wakigombania mto mmoja, na Clifford akimfuata dada yake kila aendako mpaka watu wakamwita mkia wa Beryl.

Alianza masomo mwaka 1939 katika shule ya parokia. Juni 1944, mabomu yale yaliyokuwa yakiruka yenyewe yalipoanza kuangukia mitaa ya bandarini, Beryl na Clifford walipandishwa treni pamoja na watoto wengine kupelekwa mashambani Devon, kila mmoja akiwa na kipande cha karatasi chenye jina lake kwenye koti, na pale kituoni mama yao aliinama akamwambia Beryl neno moja tu, kwamba mkono wa mdogo wake asiuachie mpaka atakapokuja kuwachukua. Beryl alikuwa na miaka tisa, naye alilishika neno hilo hivi kwamba mwenye nyumba kule Devon aliandika barua kulalamika kuwa wasichana wake wanakula kwa kisu na uma, lakini huyu anakula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Waliporudi Aprili 1945 walikuta nyumba yao imesimama, ila upande wa pili wa Swallow Row haukuwepo tena, palikuwa na vifusi, kuta zisizo na paa, ngazi zinazopanda kwenda hewani, na kwa watoto wa mtaa ule hapakuwa na uwanja mtamu kuliko huo duniani.

Kiangazi cha mwaka 1946 watu wa sinema walikuja na malori yao. Walikuwa wakitengeneza hadithi ya watoto, iliyoitwa *Kengele ya Magofuni*, kuhusu genge la watoto wa London wanaowasaka wezi walioiba kengele ya kanisa na kuificha katika magofu, na kwa kuwa walihitaji watoto wengi wa kukimbia, waliwachukua wa hapa hapa, wakiwa na magoti yao machafu na kaptura zilizorithiwa. Clifford alikimbia siku ya kwanza. Waliambiwa wote wasiitazame kamera, na wote hawakuitazama isipokuwa Clifford, ambaye alipofika mbele yake aligeuka akacheka meno yote nje, na mwongozaji alikasirika, lakini mikanda ya filamu ilikuwa adimu baada ya vita, wakauacha mchezo ulivyo.

Wiki iliyofuata Clifford aliugua matubwitubwi, akalazwa nyumbani. Ikawa Jumatano ya tarehe 14 Agosti ndiyo siku ya kupiga picha ya mruko, pale ambapo kiongozi wa genge anaruka kutoka ukuta wa ghala lililoungua hadi ukuta wa pili, na yule mtoto mwigizaji aliyeletwa kuwa kiongozi mama yake akakataa katakata asiruke. Watoto wa mtaa hawakuitwa siku ile, ila Beryl alikuwa amekuja peke yake kuchungulia, nao wakauliza nani anaweza. Beryl akanyoosha mkono, akavalishwa kofia na kaptura za yule mwigizaji, nywele zikasukumwa ndani ya kofia, na kamera ikawekwa nyuma yake ili uso usionekane.

Hapa ndipo penye lile aliloagiza lisomwe. Chini ya pengo lile, mahali ambapo kamera haikufika, kulikuwa kumepangwa magodoro kumi na mawili. Beryl aliruka mara tatu siku ile, mara ya kwanza akaanguka kwenye magodoro, mara ya pili akaanguka tena, na mara ya tatu ndipo alipofika ng'ambo, na hiyo ya tatu ndiyo iliyowekwa kwenye sinema. Mwongozaji alimpa kipande kizima cha chokoleti, wakati ambapo mgawo wa peremende wa mtoto ulikuwa wa kulamba na kumaliza, akamwambia, "Magodoro ni siri yetu, binti. Mtoto akijua chini kuna godoro, hatashika roho tena." Beryl aliapa. Chokoleti alimpelekea Clifford kitandani, nusu kwa nusu, akamwambia ameruka, lakini kiapo ni kiapo, mengine akayameza pamoja na chokoleti yenyewe.

Sinema ilifika mtaani mwaka uliofuata, baada ya ile baridi kali iliyogandisha mabomba, na watoto waliiona Jumamosi tarehe 10 Mei 1947 katika onyesho lao la asubuhi. Ukumbi mzima ulipiga kelele Clifford alipopita akicheka, na mruko ulipofika ukumbi ukanyamaza, halafu ukalipuka. Majina yalipopita mwishoni, la yule mwigizaji lilikuwa kubwa, la Beryl halikuwepo kabisa, akatoka, na pale mlangoni akamkuta mdogo wake amezungukwa na wenzake, anawaambia kwamba yule mrukaji wa kofia ni yeye. Mtoto wa miaka tisa alitaka jambo la kujivunia, basi. Wenzake walimcheka, wakamwambia yeye anayeogopa hata ngazi ya bibi yake, ataruka nini, naye akamtazama Beryl, kwa macho yale ya kuomba ambayo kila mwenye mdogo wake anayajua.

Angeweza kunyamaza. Marehemu alirudia neno hilo mara nyingi katika siku zake za mwisho, kwamba kunyamaza hakukuwa na gharama yoyote siku ile. Lakini alikuwa na miaka kumi na miwili, amekwisha kuporwa mruko wake mara moja asubuhi hiyo, akaona anaporwa mara ya pili, tena na wa kwao. Akasema mbele ya wote, "Aliyeruka ni mimi. Yeye alikuwa kitandani, mashavu yamevimba kama unga uliowekewa hamira." Watoto walicheka njia nzima, na kufikia mwisho wa mtaa Clifford alikuwa amekwisha kupewa jina jipya, Mashavu, na alitembea mbele peke yake, mikono mfukoni, mkia wa Beryl kwa mara ya kwanza umekatika.

Kesho yake, Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Beryl alikuwa akiosha vyombo, Clifford akivifuta, bado hawasemeshani vizuri. Clifford akauliza, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa, mtu anafanyaje mpaka afike ng'ambo. Beryl, mikono majini, hasira haijapoa, akamjibu, "Unakimbia, unaruka. Ni hivyo tu." Clifford akaitundika taulo mahali pake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Wavulana wawili waliokuwa naye pale kwenye ukuta wa ghala walisimulia baadaye kwamba kabla ya kuruka alisema, "Kama dada yangu ameweza mara moja, mimi nitashindwaje?" Alikimbia, akaruka. Walisema alipungukiwa na kiasi cha kiganja. Alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 12 Mei 1947, saa nne asubuhi, akiwa amebakiza siku arobaini na moja atimize miaka kumi. Beryl alipewa mara tatu, mdogo wake alipewa mara moja, na tofauti yake ni magodoro kumi na mawili ambayo Beryl peke yake katika mtaa ule aliyajua.

Ninyi wazee mnakumbuka sinema za zamani hazikuwa na saa ya kuingia, picha zilizunguka kutwa bila kusimama, mtu akiingia katikati, anaangalia mpaka mwisho, anaanza mwanzo, na ikifika pale alipoikuta, anainuka na kuondoka. Sinema ile ilikaa mtaani majuma mawili zaidi. Baada ya mazishi Edith Tranter alikwenda kila alasiri, amevaa nguo zake za msiba, na Beryl akitoka shule alimfuata, kwa sababu baba yao aliapa hatatia mguu humo. Waliingia wakati Clifford anapita akicheka, sekunde nne, wakaketi, wakapitishwa kwenye mruko, mwisho, habari za dunia, picha ya pili, mwanzo, hadi Clifford apite tena, na hapo mama alimgusa Beryl goti akisema, "Hapa ndipo tulipoingia," wakainuka, wakipita mbele ya magoti ya watu huku wakiomba samahani. Siku moja tu mama alisema jambo jingine. Mruko ulipopita, aliuliza bila kugeuza uso, "Wewe uliwezaje, mwanangu, naye akashindwa?" Beryl alijibu, "Sijui, Mama." Edith aliishi miaka thelathini na miwili baada ya hapo, akafariki tarehe 19 Oktoba 1979, na jibu alilozikwa nalo ni hilo.

Beryl alimaliza shule Desemba 1949. Alifanya kazi kiwanda cha biskuti kuanzia Januari 1950, kisha mwaka 1954 akawa kondakta wa basi, na abiria wa njia ile walimjua kwa ukaidi wake wa kutogonga kengele ya kuondoa basi mpaka mtoto wa mwisho ameketi, hata dereva awe amechelewa na anapiga kelele. Dereva aliyekuwa akipiga kelele zaidi ya wote aliitwa Reginald Hobday. Walifunga ndoa hapa hapa Jumamosi tarehe 18 Mei 1957, na Reg alipenda kusema kwamba alimwoa ili apate ruhusa ya kuondoa basi. Walijaliwa watoto wawili, Gillian, aliyezaliwa tarehe 7 Februari 1959, na Keith, tarehe 30 Agosti 1963. Kuanzia 1966 hadi alipostaafu Julai 1994 alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi Deptford, na humu ndani leo mko watu wazima wenye mvi ambao hamkuruhusiwa kuinuka mezani kabla ya kumaliza kabichi.

Sasa tuseme ukweli, kuwa mtoto wa Beryl haikuwa rahisi. Alikuwa mharibifu wa raha. Mfanya mazingaombwe akija kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Keith, mama anasimama nyuma ya watoto na kutangaza kwamba sungura yuko chini ya meza, na yule maskini anabaki ameshika kofia yake. Kwenye televisheni mtu akiruka kutoka farasi au dirishani, sisi tumeshika roho, yeye kutoka jikoni anasema, "Chini kuna godoro." Hakuna tuliloliona ambalo hakutuambia limefanywaje. Sinema hakukanyaga tena. Siku moja Gillian, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimwambia mbele ya rafiki zake kwamba yeye ni mama asiyependa watoto wafurahi, na mama alichukua mkasi akaendelea kukata mapazia. Gillian anasema leo, mbele yenu, kwamba neno lile angelipa chochote alirudishe. Kwamba mama aliwahi kuruka kwenye sinema tulilisikia kwa baba tu, naye alituonya tusiguse. Reg alifariki tarehe 2 Machi 2008.

Mwaka 2018 ilikuja barua. Chama cha watu wanaosafisha sinema za zamani kilikuwa kimeipata *Kengele ya Magofuni*, kikataka kuandika mwishoni majina ya watoto wote ambao hawakuandikwa, na binti mmoja aitwaye Tamsin alikuja nyumbani na daftari lake. Alikuwa na heshima, alikula keki vipande viwili. Alipouliza nani hasa aliruka, kwa sababu kila mtu duniani anadhani ni yule mwigizaji, Beryl alijibu bila kusita, "Clifford Tranter. Mdogo wangu." Gillian, aliyekuwa na birika mkononi, alifungua kinywa. Mama akamwambia, "Mimina chai, Gillian." Na ndivyo ilivyoandikwa, iko hadi leo, mstari wake peke yake, kwamba aliyeruka ni Clifford Tranter.

Afya yake ilianza kuzorota Septemba 2022, moyo ukashindwa kusukuma damu vizuri, akawa anavimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi tatu. Alilazwa mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 22 Januari 2024, na ni pale wodini, kwa siku kadhaa, kidogo kidogo kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu, alipotuambia habari za magodoro, mama mwenye miaka themanini na tisa akilia kama mtoto aliyevunja kitu. Keith alijaribu kumtuliza, kwamba alikuwa mdogo, kwamba aliapa, kwamba si yeye aliyeujenga ule ukuta. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Nilisema ukweli siku ambayo ulimuua, nikauficha ule ambao ungemponya. Hilo liandikeni, mlisome kwa sauti." Tulimwahidi.

Jumapili tarehe 4 Februari, saa tisa alasiri, aliomba aione sinema. Keith aliishika kwenye kishikwambi mbele ya uso wake, akataka kuanza mwanzo, mama akakataa, akaagiza ianzie pale Clifford anapopita. Alimwona. Mruko ulipofika, kwa mara ya kwanza tangu Clifford afariki hakufumba macho, aliutazama mgongo wa mtoto mwenye kofia mpaka akatua, majina yakaja, akasoma lile jina, midomo ikitembea. Halafu akaomba ianze mwanzo. Ilizunguka mpaka Clifford akageuka akacheka tena, na mama akanyoosha mkono uliojaa mirija, akamgusa Gillian goti, akasema, "Hapa ndipo tulipoingia." Baadaye aliomba chai, akaikuta haina sukari ya kutosha, akasema hivyo. Aliaga dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Keith na Gillian wakiwa wamemshika mikono yote miwili. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu, na leo atalazwa katika kaburi walimo Clifford na mama yao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimwambia mama kila sindano itauma kiasi gani kabla ya kuichoma, akapendwa kwa hilo. Tunamshukuru jirani wa ghorofa ya chini, Bi Oyelaran, aliyepanda ngazi na supu majira mawili ya baridi, majirani wote wa jengo letu, wafanyakazi wenzake wa jikoni na wastaafu wa mabasi waliokuja na kofia zao, Mchungaji kwa kumtembelea, na Waingereza wenzetu wote waliotuandikia kadi ambao, kama kawaida yetu, hawakujua waseme nini wakaishia kuzungumzia mvua.

Limebaki moja, nalo mama hakuliagiza, ni ombi la wanawe. Tamsin, tunakuona umeketi safu ya nyuma, na tunajua kazi yako ni kuandika yaliyo ya kweli, na sasa umeyasikia, mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi. Tunakuomba usirekebishe kitu. Mtoto mmoja alitoka sinema Jumamosi moja akaomba apewe mruko ule, akanyimwa, na aliyemnyima alitumia miaka sabini na moja kutafuta namna ya kumpa. Nanyi nyote mkitoka hapa, mtu akiwauliza ni nani aliyeruka, mnajua la kujibu.

Na wewe, Mama, hapa ndipo mlipoingia. Inuka polepole, pita mbele ya magoti yetu, tutakupisha, mshike mdogo wako mkono, upumzike kwa amani.